Bei ya Mafuta na Jasho la Dereva: Funzo la Bonde la Kilombero

Kila bei ya mafuta inapopanda, Ifakara huzuka ugomvi ule ule. Mkulima wa Mngeta humlaumu mwenye lori kwa kupandisha gharama ya kusafirisha gunia la mpunga. Mwenye lori humlaumu mwenye kituo cha mafuta. Abiria humlaumu dereva wa bodaboda, na dereva wa bodaboda huilaumu Serikali. Wote hawa ni watu wa bonde moja, na wengi wao ni wavuja jasho.

Katika semina moja mjini Ifakara, kijana mmoja aliniuliza: "Ndugu Mkufunzi, kama pipa la mafuta lina bei moja duniani, mbona sisi wenye magari machache ndio tunaoumia zaidi kuliko wenye magari mengi?" Sikumjibu siku ile kwa namna iliyoniridhisha. Swali lake haliwezi kujibiwa kwa kutazama ubao wa bei peke yake. Hapana budi kuitazama historia, kisha tulinganishe hali ya dereva wa nchi moja na ya mwenzake wa nchi nyingine.

MWAKA 1973

Kwa miaka mingi bei ya mafuta ghafi haikupangwa na nchi zenye visima. Ilipangwa na makampuni makubwa machache ya Marekani na Ulaya. Mwezi Septemba 1960 nchi tano, yaani Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela, zilikutana Baghdad na kuunda OPEC. Umoja huo ulikuwa ni wa wauza malighafi waliochoka kupangiwa bei na wanunuzi.

Nguvu ya umoja huo ilionekana Oktoba 1973, vita vilipozuka kati ya Israel na nchi za Misri na Syria. Nchi za Kiarabu zilipunguza uzalishaji na kuzinyima mafuta Marekani na Uholanzi. Pipa lililokuwa na bei rasmi ya dola 3 hivi mwanzoni mwa Oktoba 1973, lilifikia dola 11.65 ilipofika Januari 1974. Mwaka 1979 yalifuata mapinduzi ya Iran, na bei ikapanda tena hadi kuvuka dola 30.

Wakulima wa mkonge na kahawa waliliangalia jambo hili kwa mawazo mawili. Upande mmoja, walifurahi kuona mnyonge anaweza kujipangia bei. Upande wa pili, wao wenyewe walikuwa wanunuzi wa mafuta. Tena mkonge wao haukuweza kufanya kama OPEC, maana kiwanda cha Ulaya kikikosa katani hutumia nyuzi za plastiki, lakini gari likikosa petroli husimama. Hilo ni funzo la kwanza: si kila malighafi ina nguvu sawa sokoni.

DEREVA WA NCHI TAJIRI

Tusidhani kwamba dereva wa nchi tajiri hakuguswa. Uholanzi ilipiga marufuku magari Jumapili kuanzia tarehe 4 Novemba 1973, na watu wakatembea kwa miguu na baiskeli katika barabara kuu. Ujerumani Magharibi ilifuata mwezi huo huo. Uingereza ilichapisha vitabu vya kuponi za petroli na kupunguza mwendo kasi barabarani. Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa mwezi Januari 1974, na madereva wa malori waliojiajiri waligoma na kuziba barabara.

Hata hivyo, tuangalie hesabu. Mafuta ghafi yalipanda karibu mara nne, lakini bei ya petroli katika vituo vya Marekani ilipanda kutoka senti 39 hivi kwa galoni mwaka 1973 hadi senti 53 mwaka 1974. Mara nne za pipa hazikuwa mara nne za galoni. Sababu ni mbili. Kwanza, Marekani ilichimba sehemu kubwa ya mafuta yake yenyewe, na serikali yake ikadhibiti bei ya mafuta hayo. Pili, bei ya kituoni ina mambo mengi ndani yake: usafishaji, usafirishaji, kodi na faida. Ulaya, ambako kodi ya petroli ilikuwa kubwa tangu zamani, kupanda kwa pipa kulionekana kidogo zaidi kwenye bei ya mwisho.

Zaidi ya hayo, nchi zenye viwanda ziliweza kuuhamisha mzigo. Ziliongeza bei ya matrekta, malori, vipuri na mbolea, nazo bidhaa hizo zikauzwa kwetu. Fedha walizozipata wauza mafuta ziliwekwa katika mabenki ya nchi hizo hizo, kisha zikakopeshwa kwa nchi maskini ili zinunue mafuta. Hivyo nchi maskini ililipa mara tatu: kwa pipa, kwa trekta na kwa riba.

TANZANIA NA BONDE LETU

Tanzania ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, Dar es Salaam, tangu mwaka 1966, na bomba la TAZAMA la kupeleka mafuta Ndola, Zambia, tangu 1968. Lakini mafuta ghafi yenyewe yalitoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta yalikuwa yanameza sehemu kubwa mno ya mapato ya mauzo yetu ya nje. Magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Katazo hilo lilifanana na la Uholanzi kwa sura tu. Mholanzi aliegesha gari lake kwa miezi michache. Sisi tuliishi na upungufu kwa miaka.

Hapa inafaa kujikosoa. Katika miaka hiyo ilikuwapo bei rasmi, lakini mara nyingi bidhaa haikuwapo. Pengo kati ya bei rasmi na bei ya mlango wa nyuma likawa shamba la walanguzi. Bei iliyotangazwa bila mafuta kwenye tangi ni karatasi tu, na anayefaidika na karatasi hiyo ni mwenye kujuana na mgawaji.

Bonde la Kilombero liliupitia wakati huo kwa namna yake. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na kukabidhiwa mwaka 1976. Ilipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia na ukombozi wa kusini mwa Afrika, lakini wananchi wa bonde waliigeuza kuwa yao. Treni ndogo ya abiria waliyoiita Kipisi ilibeba mchele, ndizi na mboga za wakulima wadogo kutoka kituo hadi kituo. Wakati malori yalipokosa dizeli na matairi, treni moja ilibeba mzigo wa malori mengi. Nayo treni hula dizeli, lakini kwa kila tani hula kidogo kuliko lori.

Reli hiyo ilipodhoofika, bonde lilirudi mikononi mwa lori. TAZARA ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka wa 2014/15 haikufika hata tani 100,000. Daraja la Mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018 badala ya kivuko, na barabara ya Kidatu hadi Ifakara ikawekwa lami. Hayo ni maendeleo ya kweli, hasa kwa watu wa Ulanga na Malinyi waliokuwa wakingoja pantoni. Lakini kila kilomita ya lami isiyo na reli inayofanya kazi hulifunga bonde zaidi kwenye bei ya dizeli.

HESABU YA MWAKA 2022

Sasa tulijibu swali la yule kijana kwa hesabu. Mwezi Juni 2022, baada ya vita vya Ukraine kupandisha pipa hadi kuvuka dola 120, galoni moja ya petroli Marekani ilifika wastani wa dola 5. Galoni yao ni kama lita 3.8, kwa hiyo lita moja ilikuwa dola 1.32. Kwa fedha yetu ya wakati ule, dola moja kwa shilingi 2,300 hivi, hiyo ni kama shilingi 3,040. Mwezi huo huo lita moja Dar es Salaam iliuzwa karibu shilingi 3,000, na Ifakara ilizidi hapo kwa sababu ya gharama ya kuyasafirisha kutoka bandarini. Bei, basi, zilikuwa karibu sawa.

Lakini jasho halikuwa sawa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kilikuwa dola 7.25 kwa saa. Saa moja ya kazi ilinunua lita 5 na nusu. Kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani Tanzania, kwa amri ya mwaka 2013 iliyokuwa bado inatumika, kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mshahara wa mwezi mzima ulinunua kama lita 33. Mwenzake wa Marekani, kwa saa 40 kila wiki, alinunua takriban lita 950. Kwa mfanyakazi wetu, lita moja ilikuwa karibu saa 6 za jembe.

Hapo ndipo lilipo jibu. Soko la dunia husawazisha bei, lakini halisawazishi ujira. Mtu akilinganisha bei za nchi mbalimbali bila kulinganisha saa za kazi, amelinganisha vibao vya vituo na kuwasahau binadamu.

Serikali nazo zilijibu kwa njia tofauti. Ujerumani ilipunguza kodi ya mafuta kwa miezi mitatu na kutoa tiketi ya mwezi ya euro 9 kwa treni na mabasi. Tanzania ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni 2022. Uganda ilikataa ruzuku. Kenya ilitoa ruzuku kisha ikaiondoa kwenye petroli Septemba 2022, na bei ya Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159 hadi 179 za huko. Mwaka uliofuata, baada ya kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, ilivuka 210. Nigeria, nchi yenye visima, ilifuta ruzuku Mei 2023, na bei ikapanda zaidi ya mara mbili kwa siku chache, maana kwa miaka mingi ilikuwa inauza mafuta ghafi na kununua petroli iliyosafishwa nje.

Mifano hii yatufundisha mambo mawili. Ruzuku ya petroli humfaidi zaidi mwenye gari kubwa, kwa sababu ndiye anunuaye lita nyingi. Na kuwa na kisima si kujitegemea, kama kiwanda cha kusafishia kiko kwa mwingine. Wapo wasemao dawa ni kufuta kodi zote za mafuta. Wakumbuke kwamba sehemu ya tozo hizo hutengeneza barabara na kupeleka umeme vijijini. Swali la haki si kodi iwepo au isiwepo. Ni kwamba mkulima anayelipa tozo hiyo ndani ya nauli ya gunia lake aione barabara yake imepitika masika.

UTAJIRI ULIO JUU YA MEZA

Mwezi Novemba 1975 Brazil ilianzisha mpango wa kutengeneza pombe ya magari kutokana na miwa. Katika Afrika, Zimbabwe ilianza Triangle mwaka 1980, Malawi ikafuata Dwangwa mwaka 1982, na Kenya ikajaribu Muhoroni. Bonde la Kilombero lina miwa tangu kiwanda cha sukari kilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lina Kidatu, iliyoanza kutoa umeme mwaka 1975 na sasa ina uwezo wa megawati 204, na lina Kihansi yenye megawati 180. Mto Kilombero hutoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115.

Hata hivyo, mpunga wa bonde hulimwa kwa pawatila za dizeli na kupakiwa kwenye malori ya dizeli. Maji yetu yanawasha taa za nchi nzima, ilhali jembe letu linangoja meli bandarini. Mkanganyiko huu hauondoki kwa hotuba. Unaanza kuondoka pale umeme unapofika kwenye kila mashine ya kukoboa, na pale reli inapobeba tena mzigo mzito. Makubaliano ya kuifufua TAZARA yalitiwa saini Beijing Septemba 2024. Ni wajibu wa watu wa bonde kuuliza mapema: je, katika reli iliyofufuliwa, mchele wa Mlimba utapata behewa, au behewa zote ni za shaba?

Kada anayefanya kazi Kilombero asiingie katika ugomvi wa mkulima na mwenye bodaboda kama mwamuzi wa nani mwizi. Awaketishe pamoja na kuichambua nauli ya gunia moja: kiasi gani ni pipa la dunia, kiasi gani ni kodi, kiasi gani ni ubovu wa njia, na kiasi gani ni faida ya mtu aliyetumia nafasi. Sehemu ya kwanza haimo mikononi mwao. Tatu zilizobaki zimo, na kazi ianzie hapo.