Jinsi Naruto alivyofika Singida

Kwenye vibanda vya kujazia muvi Singida mjini, kompyuta haina mapambo: mafolda mengi, waya wa USB unaoning'inia, na ile koni ya rangi ya chungwa ya VLC kwenye skrini. Kijana anatoa flashi, anataja Naruto au One Piece, analipa, anaondoka. Hana habari kwamba faili alilolibeba lilipita mikononi mwa watu wa nchi kadhaa ambao hawakulipwa hata senti, na kwamba programu walizotumia watu hao nazo ziliandikwa kwa mtindo huohuo. Ndiyo maana si ajabu mpenzi wa Linux, mfumo huria wa kompyuta, na mpenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, kuwa mtu yuleyule.

Sisi Watanzania tulichelewa kuingia kwenye hadithi hii. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo ya 1970, lakini Bara ilisubiri mpaka 1994 kupata vituo vyake. Astro Boy, ambaye watoto wa Japani walimwona kuanzia 1963, hakuwahi kuwa sehemu ya utoto wa Iramba wala Manyoni. Picha za kigeni zilifika kwa kanda za VHS na vibanda umiza, na kwa sauti za wasimulizi kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezimwagia Kiswahili filamu za nje bila kujali sana mwigizaji alichosema. Aliyekulia kwenye vibanda hivyo alishazoea jambo moja: kati ya muvi na mtazamaji kuna mtu wa tatu aliyejitwika kazi ya kueleza.

Kwa anime, mtu huyo wa tatu alikuwa mbali. Wapenzi wa Marekani walianza miaka ya 1980 kuandika tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, wakitumia kompyuta za Amiga na mikanda ya video iliyosafirishwa kwa posta. Kazi ilikuwa ghali na ya kuchosha. Kilichoifungua ni programu huria.

VLC yenyewe ilizaliwa katika chuo cha École Centrale Paris. Mwaka 1996 wanafunzi wa huko walitaka mtandao wenye kasi bwenini, na wenyewe wanasimulia kwamba hamu yao kubwa ilikuwa gemu. Ili kuhalalisha gharama wakabuni mradi wa kurusha video kwenye mtandao huo. Koni ile ilitokana na koni za barabarani walizokuwa wakizikusanya. Februari 2001 chuo kikakubali programu itolewe kwa leseni ya GPL, hivyo yeyote aitumie, aifungue na kuirekebisha. Mwaka mmoja kabla, Mfaransa mwingine, Fabrice Bellard, alikuwa ameanzisha FFmpeg, injini inayofanya kazi kimyakimya ndani ya programu nyingi za kucheza na kugeuza video.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Naruto alianza kuonyeshwa TV Tokyo Oktoba 2002, na mwishoni mwa mwaka huo ukaanza mradi wa Matroska, yaani mafaili yenye mkia wa mkv. Ndani ya faili moja unaweka picha, sauti ya Kijapani, sauti ya Kiingereza, maandishi ya lugha kadhaa na hata fonti zake. Miaka miwili mitatu baadaye x264 ilikuwa ikibana video bila kuiharibu sana, na Aegisub ikimwezesha mtafsiri kupanga kila mstari utokee sekunde ipi, rangi gani, kona gani ya skrini. Wapenzi wa anime walizitumia programu hizi kuliko watu wengi, wakazisumbua, wakaripoti kasoro, na baadhi yao wakaandika msimbo wenyewe.

Mfano mzuri ni wa 2011. Anga la anime huchorwa kwa rangi zinazofifia polepole, na video za kawaida za biti 8 huligeuza kuwa michirizi. Vikundi vya tafsiri vikahamia biti 10: picha ikawa laini na faili likapungua ukubwa. Ila deki za DVD na televisheni nyingi zenye tundu la USB hazikuweza kulisoma. Ukilifikisha nyumbani, sauti inatoka na picha hakuna. VLC kwenye kompyuta haikudumu na shida hiyo, na mwenye kibanda anayejua kazi yake huligeuza faili kwanza kabla ya kulijaza.

Tofauti moja haifichiki. Mwandishi wa VLC alitoa kilicho chake. Mtafsiri wa Naruto alitoa kilicho cha mtunzi wake, Masashi Kishimoto, na TV Tokyo, na kibanda kinauza kisicho chake wala cha mtafsiri. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Mashabiki hawapendi kukumbushwa, lakini wengine waliheshimu mpaka: mwanzoni mwa 2009 tovuti ya Crunchyroll ilipopata ruhusa ya kuonyesha Naruto Shippuden, kikundi mashuhuri cha Dattebayo kiliacha kuitafsiri. Njia ya intaneti kutufikia nayo ikapanuka: Julai mwaka huohuo mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukaja kupita Singida kuelekea Kanda ya Ziwa.

Nasi tulijaribu upande wa programu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Ilikuwa kazi ya heshima. Mwaka huo pia Ubuntu, toleo la Linux la Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilianza, na mpaka 2011 mtu mwenye sanduku la posta, hata Kiomboi, angeweza kuagiza CD zake bure. Hata hivyo ofisi zetu zilibaki na Windows ya Kiingereza, mara nyingi ya kunakili. Kwa maoni yangu, Kilinux ilitengenezewa watumiaji ambao hawakuwa wameiomba. Watafsiri wa anime walitafsiri kile ambacho wao wenyewe walikesha wakikisubiri.

Sasa vifaa vya kuchorea navyo vimefunguliwa. Toonz, programu ambayo Studio Ghibli iliitumia tangu Princess Mononoke ya 1997, ilitolewa huria Machi 2016 kwa jina la OpenToonz. Mwaka 2019 studio ya Khara, wenye Evangelion, ilitangaza kuanza kuhamia Blender, programu huria ya michoro ya 3D. Tatizo la kijana wa Singida ni mashine: Blender ya kuanzia 2.8 inadai kadi ya picha inayomudu angalau OpenGL 3.3, na laptopu nyingi kuukuu za mtumba zinagoma kuifungua. OpenToonz haina makuu kiasi hicho. Bando la kuipakua halizidi sana lile la sehemu moja ya Naruto.