Vitabu vya katuni vya The Twilight Zone: Vilidumu kuliko kipindi chenyewe

THE Twilight Zone ni mfululizo wa vitabu vya katuni vilivyochapishwa nchini Marekani kati ya 1961 na 1982. Vilitokana na kipindi cha runinga cha jina hilo kilichobuniwa na mwandishi Rod Serling, na kurushwa na shirika la CBS kuanzia Oktoba 2, 1959 hadi Juni 19, 1964. Kipindi hicho cha bunilizi za kisayansi na visa vya ajabu kilikuwa na sehemu 156.

CHIMBUKO

Vitabu hivyo vilitayarishwa na kampuni ya Western Publishing ya mji wa Racine, jimboni Wisconsin, na awali vikatolewa kwa jina la mshirika wake, Dell. Kampuni hizo zilipotengana mwaka 1962, Western ilianzisha chapa yake, Gold Key, na kuanza kuhesabu matoleo upya Novemba mwaka huo. Nakala iliuzwa senti 12.

Hadithi nyingi zilikuwa mpya, wala hazikunakili zile za runingani. Kilichoazimwa ni mtindo: mtu wa kawaida hukumbwa na jambo lisiloelezeka, kisha kisa hufikia hatima asiyoitarajia. Serling naye alichorwa akiwa ndani ya suti, akimkaribisha msomaji kama alivyozoea kuwakaribisha watazamaji.

KIVULI CHA UDHIBITI

Mwaka 1954, daktari wa akili Fredric Wertham alidai kuwa katuni zilipotosha vijana, na kamati ndogo ya Seneti ikalichunguza suala hilo. Wachapishaji wengi walijiwekea kanuni kali na muhuri wa idhini. Kampuni ya EC, iliyovuma kwa hadithi za kutisha, ililazimika kuziacha.

Dell ilikataa kujiunga na mpango huo, ikishikilia kwamba vitabu vyake tayari viliwafaa watoto. Gold Key ilifuata msimamo huo. Kwa hiyo mizuka na viumbe wa sayari nyingine viliendelea kuonekana, ila bila umwagaji damu uliokithiri. Reed Crandall na George Evans, waliowahi kuichorea EC, walikuwa miongoni mwa wachoraji wa toleo la kwanza la 1961.

Mfululizo unaokaribiana na huu ni The Outer Limits, uliotokana na kipindi cha shirika la ABC cha 1963 hadi 1965. Dell ilitoa matoleo 18 kati ya 1964 na 1969.

WALIOSAHAULIKA

Serling alifariki Juni 28, 1975, akiwa na umri wa miaka 50, lakini sura yake ya kuchorwa iliendelea kusimulia. Matoleo ya kawaida yalikoma 1979, na la 92, ambalo ndilo la mwisho, likatoka 1982.

Walioziandika na kuzichora hadithi hizo hawakupata heshima kama hiyo, kwani kwa kawaida majina yao hayakuchapishwa. Hata Frank Miller, aliyepata sifa kuu kwa kitabu cha Batman cha 1986, alifanya humo baadhi ya kazi zake za mwanzo kabisa mwaka 1978. Mchoraji aweza kutambuliwa kwa mkono wake. Kumtambua mwandishi ni kugumu zaidi, na hadithi nyingi zingali bila mwenyewe.