Ushirikiano na Ushindani katika Historia ya Emuleta

Malaba, mpakani mwa Busia nchini Kenya na Tororo nchini Uganda, vijana wengi wa rika langu hawajawahi kumiliki PSP, ile PlayStation ya mkononi. Hata hivyo, gemu zake za kandanda wanazicheza kwenye simu. Kinachowawezesha ni emuleta, yaani programu inayoifanya simu au kompyuta itende kazi kama mashine nyingine. Katika insha hii nauliza: programu hizi zimetufikia kwa ushindani wa waundaji wake au kwa ushirikiano wao?

Tuanze na ushindani. Mwaka 1999, nchini Marekani, kampuni za Connectix na Bleem ziliuza emuleta za PlayStation, kila moja ikificha msimbo wake kama siri ya biashara. Sony ilizishtaki zote mbili. Februari 2000 mahakama ya rufaa iliamua kuwa Connectix haikuvunja sheria. Lakini mwaka 2001 Sony iliinunua programu ya Connectix na kuiondoa sokoni. Bleem nayo ililemewa na gharama za kesi, ikafungwa mwaka huohuo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Msimbo uliofichwa haukumwachia mtu urithi wa kuendeleza.

Njia ya pili ilikuwa tofauti. Mwaka 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa MAME, emuleta ya mashine za gemu zinazochezwa kwa sarafu. Wachangiaji wa kujitolea wakaongezeka, na mwaka 2015 mradi jirani wa MESS ukaunganishwa nao. Mwaka huohuo wa 1997, Gary Henderson na Jerremy Koot, ambao kila mmoja alikuwa na emuleta yake ya Super Nintendo, waliziunganisha zikawa Snes9x.

Sidai kwamba ushindani hauna faida. Mpinzani wa Snes9x, ZSNES, iliandikwa kwa sehemu kubwa kwa asembli, lugha iliyo karibu sana na mashine yenyewe, hivyo ilikimbia hata kwenye kompyuta dhaifu. Wachezaji walizilinganisha, na kila upande ukalazimika kujiboresha. Lakini asembli hiyo ilifungamana na aina moja ya kichakataji. Ingawa msimbo wa ZSNES ulikuja kuwa huria, toleo lake la mwisho rasmi lilitoka mwaka 2007. Snes9x ilihamishika kwa urahisi zaidi, na leo imo kwenye simu. Funzo ninaloliona ni kwamba kufungua mlango hakutoshi ikiwa wageni hawawezi kupita.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Henrik Rydgård. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha Dolphin, emuleta ya GameCube iliyotolewa mwaka 2003 ikiwa na msimbo uliofungwa. Ilisuasua hadi msimbo ulipowekwa huria mwaka 2008, ndipo watu wa kujitolea wakaifufua. Novemba 2012 Rydgård alitoa PPSSPP, na safari hii msimbo ulikuwa huria tangu mwanzo. Hiyo ndiyo inayochezwa Malaba.

Mpaka wetu unanisaidia kulielewa jambo hili. Zamani lori lilikaguliwa upande wa Kenya, kisha likakaguliwa tena upande wa Uganda. Chini ya utaratibu wa kituo kimoja cha mpakani, maafisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja katika nchi ambayo lori linaingia. Kila nchi imebaki na bendera yake na ushuru wake. Kilichoondolewa ni kazi ileile kufanywa mara mbili. Waundaji wa emuleta pia wanaweza kubaki na majina yao na kushindania wachezaji, huku maarifa ya jinsi chipu zinavyofanya kazi yakiwa ya wote.

Msimbo huria si kinga ya kila kitu. Mwaka 2024 watengenezaji wa yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, waliifunga na kukubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4, ingawa msimbo wao ulikuwa wazi. Sheria ya hakimiliki haiangalii urafiki.

Hata hivyo, mashine huharibika na kampuni hufa. Kwa maoni yangu, ushindani huipa programu kasi, lakini ushirikiano ndio unaoipa umri. Sisi tunaojifunza kuandika programu leo tutaamua kama kazi zetu zitatuzidi umri au zitazikwa pamoja na simu tulizoziandikia.