Mlonge, Kitumba Kisichopimwa Mizani



Leo tunaanza na karafuu, ingawa siyo tunayoikusudia. Karafuu ililetwa visiwani mwetu mwanzoni mwa karne ya 19, nawe unajua kwamba huchumwa ingali kitumba, kabla ua halijafunguka. Kitumba hicho kilipimwa kwenye mizani, kikaandikwa madaftarini, kikasafirishwa ng'ambo. Mwaka 1872 kimbunga kikaiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na aliyeitegemea hiyo peke yake akaona taabu.

Sasa tazama uani kwako. Upo mti mwingine ambao kitumba chake huliwa, wala hapana anayekipima. Ni mlonge, wengine husema mronge au mzunze. Asili yake ni nchi kavu za chini ya milima ya Himalaya, huko Bara Hindi. Wenyewe hupika majani yake, vitumba, maua na hata maganda machanga. Pwani yetu na Bara Hindi ziliunganishwa zamani na majahazi ya kaskazi na kusi. Mti ukaizoea ardhi yetu, nasi tukaufanya boma tu.

Sudan nako ulipandwa kuwa pambo. Lakini wanawake wa kandokando ya Mto Nile wakatambua kuwa mbegu zake zikitwangwa hutuliza matope ya maji. Katika miaka ya 1970 na 1980, mtaalamu Samia Al Azharia Jahn akaichunguza kazi yao, akaona ni kweli. Lakini sikiliza vizuri: maji yakishatulia, bado uyachemshe.

Hapa Mwanakwerekwe nyumba zimechukua mahali pa mashamba. Mtu akitaka kujenga hukata mlonge kwanza, kisha huenda sokoni kununua fungu la mboga. Je, hesabu hiyo ni sawa, ndugu yangu?

Masika ikianza, kata tawi nene la mita moja hivi, ulisimike penye jua, pasipotuama maji. Likishika, likate kichwa ili majani yasiwe mbali na mkono. Vitumba na maua vipike, usivile vibichi. Mizizi iache kabisa, maana ina sumu, na mama mjamzito asiiguse.

Karafuu iende mizanini. Mlonge ubaki nyumbani, watoto wapate mboga. Kwa leo tuishie hapo. Kwaheri, na kazi njema.