Mforsadi na Bustani za Kilwa

Katika kijitabu cha jubilei watu hutazamia habari za majengo, shule na wazee waliotangulia. Lakini habari za nchi hazikai katika vitabu tu. Nyingine zimepandwa viwanjani mwetu. Atembeaye Tingi na vijiji vya jirani huona minazi, miembe na mikorosho, naye huidhani kuwa ni ya hapa tangu asili. Sivyo. Mwembe ulitoka pande za Bara Hindi, na mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Tutauangalia hapa mti mmoja mgeni usiosifiwa sana, nao ni mforsadi.

Jina lake ni la Kiarabu. Mforsadi mweupe asili yake ni China, ambako majani yake ndiyo chakula cha viwavi wafanyao hariri. Ule mweusi watoka pande za Uajemi. Walimu wa dini watapenda kujua kwamba mti utajwao katika Luka 17:6, ule wa kung'olewa na kupandwa baharini, kwa Kiyunani ni mforsadi. Nao ule alioupanda Zakayo ni wa namna nyingine. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 imeiita yote miwili mkuyu, kwa kuwa mkuyu ndio mti uliojulikana na wengi.

Basi, kwa nini tuutaje mti huu katika habari za Kilwa? Mwezi wa Julai mwaka 1505 Wareno, chini ya Francisco de Almeida, waliiteka Kilwa Kisiwani na kuupora mji. Habari zilizoandikwa za safari ile zasimulia bustani walizozikuta: michungwa, milimau, mboga, vitunguu na mitambuu, vikinyweshwa maji ya visima. Hapo twaona kwamba mji ule, uliosifika kwa dhahabu ya Sofala na kwa pembe za ndovu, ulikuwa pia na watu waliochota maji ili jamaa zao wapate kula matunda.

Lakini biashara ilizidi kukua hata ikamla mtu mwenyewe. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mapatano na Mfaransa Morice, ampatie watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya watumwa waliotolewa bara. Sultani Barghash wa Unguja alipokubali mwaka 1873 kukataza kuwasafirisha kwa bahari, misafara ilishika njia ya nchi kavu kuelekea kaskazini, hata njia hiyo nayo ikakatazwa mwaka 1876. Pembe, sandarusi na wanadamu, vyote vilitiwa bei.

Forsadi haikubali kutiwa bei namna hiyo. Ikiiva ni laini mno. Ukiifunga kikapuni na kuipeleka safari ya mbali, hufika imekuwa maji. Korosho yaweza kungoja mnunuzi miezi, lakini forsadi haingoji hata siku mbili. Kwa hiyo wenye kuila ni wa nyumba ile ile na jirani zao. Mfanya biashara ataiona kuwa ni kasoro. Mzazi ataiona kuwa ni neema, maana tunda lisilouzika hubaki kwa mtoto.

Tena kuupanda si kazi ngumu. Kata tawi lililokomaa, unene wa kidole na urefu wa shibiri, lenye macho matatu au manne. Lichomeke mvua zinapoanza, sehemu kubwa ikiwa ndani ya udongo, mahali pasipotuama maji. Linyweshe mpaka lishike mizizi. Baada ya hapo litastahimili kiangazi. Usipande karibu na ukuta mweupe wala kamba ya nguo, kwa kuwa maji ya forsadi hutia madoa. Mavuno yakiisha, pogoa matawi, maana matunda huja pamoja na machipukizi mapya. Chuma zilizo nyeusi kabisa, zitokazo kwa kuguswa tu. Mbichi huumiza tumbo. Zikizidi, pikeni jemu au sharubati. Majani wapeni mbuzi.

Mkorosho hulipa karo, wala hatusemi ung'olewe. Lakini kiwanja ambacho kila mti wake ni wa kuuza kimesahau nusu ya kazi ya bustani. Wale wa Kilwa walionywesha milimau yao zamani walilijua jambo hili kabla ya merikebu za Wareno kutia nanga. Basi walimu, mvua zitakapoanza, kila mtoto wa shule na apewe kijiti kimoja akapande kwao.