Je, Kusikia Kwatosha Kumfunga Mtu Aamini?

Sisi walimu wa dini twaulizwa maswali mengi njiani kupita yale ya darasani. Siku moja, baada ya Misa, mama mmoja wa paroki yetu alitungoja mlangoni pa kanisa. Baba yake alikuwa amekufa juma lile bila batizo. Mzee yule tulimjua. Mara mbili tatu alikuja kukaa barazani tulipofundisha, akasikiliza kidogo, kisha akaondoka pole pole kwenda shambani kwake. Mama akatuuliza: «Mwalimu, baba alisikia habari za Yezu, na hakuamini. Je, amehukumiwa kwa sababu alisikia?»

Twaona haya kusema jambo hili, lakini tulisemeshe wazi. Jibu lilikuwa tayari ulimini mwetu: «Aliyesikia hana udhuru tena.» Neno hilo tulikuwa tumewaambia watu wengi vijijini, tena kwa sauti kubwa. Ila machozi ya mama yule yalituzuia. Tukamwambia: «Mama, utupe siku chache.» Jioni tulifungua madaftari yetu ya zamani ya seminari, tukakuta kwamba swali hili si jipya. Lilikwisha kuulizwa katika Eklezya zaidi ya miaka mia nne iliyopita, wakati damu ya watu wengi ilipomwagika kwa sababu ya jibu baya.

Karatasi iliyosomewa nyumba tupu

Mwaka 1492 Kristofa Kolombo alifika visiwa vya Amerika. Nyuma yake wakaja Wahispania wengi, wakitafuta dhahabu na watumwa. Katika Majilio ya mwaka 1511, mtawa Mdominikani Antonio de Montesinos alisimama kanisani katika kisiwa cha Hispaniola, akawauliza mabwana wale kwa haki gani wanawatesa wenyeji. Mabwana walikasirika wakamshitaki kwa mfalme. Mfalme akaita wenye elimu kutafuta shauri.

Mwaka 1513 mwanasheria Juan López de Palacios Rubios aliandika karatasi iliyoitwa Requerimiento, maana yake Dai. Mkubwa wa jeshi alipaswa kuisomea wenyeji kabla ya kuwapiga vita. Karatasi ilieleza kwamba Mungu ameumba watu wote, kwamba Petro aliwekwa kuwa mkubwa wao, na kwamba Papa aliwapa wafalme wa Hispania nchi zile. Ikawataka wenyeji wakubali mamlaka hayo na kuwaacha wahubiri waseme. Ni kweli, ilisema pia kwamba hawatalazimishwa kuwa Wakristu. Lakini ikaongeza kwamba wakikataa au wakikawia kujibu, watapigwa vita, wake zao na watoto wao watafanywa watumwa, na kosa la vifo vyote litakuwa juu yao wenyewe.

Basi, ilisomwaje? Kwa Kihispania, mara nyingi bila mkalimani. Mwaka 1514 Gonzalo Fernández de Oviedo alikuwamo katika jeshi lililoichukua mara ya kwanza. Yeye mwenyewe aliandika habari za kijiji kilichokuwa kitupu, watu wote wamekimbia, na karatasi ikasomwa vivyo hivyo. Karani alitia sahihi kuthibitisha kwamba imesomwa, na mambo yakahesabiwa kuwa halali. Padri Bartolomé de las Casas, aliyewatetea wenyeji miaka mingi, aliandika kwamba alipoifikiri karatasi ile hakujua kama acheke au alie.

Siku ya Cajamarca

Tarehe 16 Novemba 1532, katika mji wa Cajamarca, nchi ya Peru, Francisco Pizarro alimngoja mfalme Atahualpa na askari 168 waliojificha kandokando ya uwanja. Mtawa Vicente de Valverde alitoka pamoja na mkalimani kijana, akamweleza mfalme mambo ya dini na ya mfalme wa Hispania, akamwonyesha kitabu. Atahualpa alikuwa hajaona kitabu maishani mwake. Alikitazama, akakitupa chini. Mara hiyo mizinga ikalia, askari wakaruka, na maelfu ya watu wakauawa kabla ya usiku kuingia. Mwaka uliofuata, 1533, Atahualpa mwenyewe aliuawa, ingawa alikuwa amelipa dhahabu na fedha nyingi sana ili aachiliwe. Alibatizwa ili asichomwe moto, kisha akanyongwa.

Twaomba msomaji afikiri kidogo. Mfalme yule alisikia. Masikio yake yalipokea sauti ya maneno ya dini kwa dakika chache, kwa kinywa cha mkalimani asiyejua vema kazi yake, mbele ya askari wenye silaha. Je, kwa kusikia huko alifungwa kuamini? Na kwa kukataa alitenda dhambi?

Jibu la mwalimu wa Salamanca

Habari hizo zilifika Salamanca, mji wa Hispania wenye shule kuu. Huko alifundisha Mdominikani Francisco de Vitoria, tangu mwaka 1526. Habari za Peru zilimchoma moyo. Mwaka 1539, mbele ya wanafunzi na walimu, alitoa fundisho kubwa juu ya watu wa Amerika. Tutaeleza mafundisho yake kwa maneno yetu, moja moja.

Kwanza, mtu asiyesikia kamwe habari za Kristu hana dhambi ya kutoamini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kutofautisha asiyeamini kwa sababu hajui, na asiyeamini kwa sababu anapinga imani.

Pili, mtu aliyetangaziwa tu kwamba dini ya Kristu ni ya kweli, bila ushuhuda wala hoja ya kumvuta, hafungwi kuamini papo hapo. Mbona? Kwa sababu anayeamini upesi bila sababu ni mtu wa moyo mwepesi, kama Kitabu cha Yoshua bin Sira kinavyoonya. Vitoria akatoa mfano: Waislamu wakiwaambia wenyeji wale dini yao tu, bila neno la kuithibitisha, twadhani wangefungwa kuipokea? Hata kidogo. Basi kipimo tunachojipimia sisi tuwapimie na wengine.

Tatu, mtu akiombwa kwa amani asikilize mambo ya wokovu, hana ruhusa ya kuziba masikio. Akikataa hata kusikiliza, ana kosa kubwa.

Nne, imani ikifundishwa vema, kwa hoja nzuri, na kwa maisha mema ya wanaoifundisha, tena si mara moja bali kwa bidii, hapo mtu anafungwa katika dhamiri kuipokea. Vitoria akaongeza neno lililowachoma wengi. Alisema hana hakika kwamba watu wa Amerika wamefundishwa hivyo. Walikuwako watawa wema, ndiyo. Lakini miujiza hakuisikia, na habari za makwazo na ukatili zilikuwa nyingi mno.

Tano, hata wakifundishwa vema na kukataa, hakuna ruhusa ya kuwapiga vita wala kuwanyang'anya mali kwa sababu hiyo. Kuamini ni tendo la hiari, na kwa hofu ya upanga hakuna aaminiye. Atasema tu kwamba anaamini.

Tusimsifu kupita kiasi. Vitoria alikubali kwamba Wakristu wana haki ya kuhubiri, na kwamba wakizuiwa kwa nguvu waweza hata kupigana kutetea haki hiyo. Kwa mlango huo wengine walipata kupita na mizigo yao mibaya. Hata hivyo mfalme Karolo wa Tano hakupendezwa: mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1539 alimwandikia mkubwa wa watawa wa Salamanca, akikataza mambo hayo yasijadiliwe bila ruhusa yake.

Lakini Roma ilikuwa imekwisha sema. Mwaka 1537 Papa Paulo wa Tatu, katika barua Sublimis Deus, alifundisha kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kamili, kwamba wasinyang'anywe uhuru wala mali hata wakiwa nje ya imani, na kwamba waitwe kwa Kristu kwa mahubiri na mfano wa maisha mema. Na tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba kila mtu ana haki ya kutolazimishwa katika mambo ya dini, na papo hapo ana wajibu wa kutafuta ukweli.

Na kwetu Kongo

Nchi yetu nayo ina somo lake. Mwaka 1491 mapadri walifika katika ufalme wa Kongo, na mwaka ule ule mfalme Nzinga a Nkuwu akabatizwa, akaitwa João. Baada ya miaka michache aliiacha imani. Hatumhukumu. Twasema tu kwamba batizo lilitangulia na mafundisho yalibaki nyuma.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, alitaka njia nyingine. Akifuata desturi ya Eklezya ya kale, aliagiza watu wajaribiwe na kufundishwa miaka minne kabla ya batizo. Mapadri hao walifika ziwa Tanganyika mwaka 1879, na mwaka 1885 wakapokea kituo cha Mpala. Wazee waliofuata desturi hiyo ya miaka minne hawakuiona kuwa adhabu. Ilikuwa heshima kwa mtu anayetafuta, apewe muda wa kuuliza, wa kulinganisha, na wa kututazama sisi tunavyoishi.

Tulivyomjibu mama

Basi tulirudi kwa mama yule. Tulimwambia: «Mama, kusikia si jambo moja. Kuna kusikia sauti, na kuna kufundishwa. Baba yako alikaa nasi mara mbili tatu, na sisi tulisema upesi, kwa maneno ya kitabu, wala hatukwenda shambani kwake kumwuliza aliyokuwa anafikiri. Hukumu ni ya Mungu aonaye mioyo. Sisi hatuna ruhusa ya kusema baba amepotea. Eklezya yafundisha kwamba asiyeijua Evanjili bila kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri, kwa neema aweza kuokoka. Kama baba alijua vya kutosha au sivyo, Mungu anajua. Tumwombee.»

Mama akanyamaza, kisha akasema: «Alikuwa akiniuliza nyumbani juu ya mambo mliyofundisha. Nilimwambia nitamweleza siku nyingine.» Neno hilo halikutuondoka mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, asiseme mtu: «Basi tusihubiri, wasiojua wana nafuu.» Aliyepewa chakula hawezi kuwaacha wenzake na njaa ati kwa sababu wenye njaa hawana kosa. Wala asiseme mwingine: «Mimi nilisikia mara moja tu, sifungwi.» Aliyeanza kuona mwanga amefungwa kuufuata mpaka mwisho wake. Neno la Evanjili ya Marko juu ya asiyeamini ni neno la kweli na zito. Lakini mbele yake Bwana aliwatuma kwanza mitume wakahubiri. Kabla ya kumwuliza jirani kwa nini hakuamini, tujiulize kwanza kama sisi tulimhubiria kweli, kwa mdomo na kwa maisha.