Makali na Kisiki

Katika maduka ya vifaa vya shamba, kuanzia Kariakoo hadi Kisumu, mnunuzi wa panga huulizwa swali moja: kubwa au dogo? Atachukua moja, ataligonga kwa kucha asikie mlio, atalipa na kuondoka. Haulizwi anakwenda kukata nini. Nimenunua mapanga mengi kwa namna hiyo, na ilinichukua miaka kutambua kwamba swali lile ambalo muuzaji hakuuliza ndilo nililopaswa kujiuliza mwenyewe kabla sijatoka nyumbani. Mtu wa misitu ya Borneo, mkulima wa kahawa wa Amerika ya Kati na mtengeneza nyua wa Uingereza wote hushika chuma chenye mpini mfupi na wote hufyeka. Hata hivyo vyuma vyao havifanani. Kilichovitofautisha ni mmea unaokatwa na, zaidi ya hapo, kile ambacho mkataji anataka mmea huo ufanye baada ya kukatwa. Kwa hili la pili, naona sisi wa Afrika Mashariki tumezembea.

Nianze na neno, kwa kuwa ni letu. Upanga ni neno la Kibantu la zamani: Wabemba na Wachewa husema lupanga, na Washona huita kisu banga. Wamalay nao wana parang, na nimewahi kusikia watu wakidai kwamba neno moja limezaa jingine kwa njia ya majahazi. Ndugu za neno letu wamejaa bara, mbali na pwani, kwa hiyo sioni haja ya jahazi hapo. Safari za kweli za maneno zimekwenda upande mwingine. Waganda huita panga ejjambiya, neno lililotokana na jambia la Waarabu, lile la kuchomeka kiunoni kwa heshima. Lilipofika kwenye migomba ya Buganda likawa chombo cha kazi. Rwanda na Burundi kuna umuhoro, chuma kifupi kilichopinda mbele, na kuna umupanga, ambalo jina lake linaonyesha wazi lilikotoka. Kuwa na majina mawili kunaonyesha kwamba wenyeji wale waliona vyombo viwili, si kimoja. Najua pia kwamba kwa msomaji wa Kigali neno hili haliwezi kusomwa bila kukumbuka mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Sitalipita hilo kama ambaye hajui, na sitalifanya pambo la makala.

Amerika ya Kati na Karibi ndiko panga, machete kwa jina la huko, lilikofikia wembamba wake kamili. Bapa lake ni refu, aghalabu kati ya sentimita 45 na 60, na jembamba kiasi kwamba ukilibonyeza ubavuni linapinda kidogo na kurudi. Sababu imo katika nyasi zenyewe. Jani la nyasi na shina bichi la gugu havina mgongo wa kuegemea. Ukivipiga polepole vinalala, na panga linapita juu yake. Ili vikatike, makali lazima yafike kabla mmea haujapata nafasi ya kuinama. Hivyo kinachotakiwa ni kasi, na kasi ya ncha huongezeka kadiri bapa linavyorefuka na kuwa jepesi. Uzito hapo ni adui, kwa sababu mkono utachoka kabla ya saa nne asubuhi.

Jambo la kushangaza ni kwamba mapanga mengi ya huko kwa zaidi ya karne moja yalitoka Marekani, katika kijiji cha Collinsville jimboni Connecticut. Kampuni ya Collins ilianza mwaka 1826 kwa kutengeneza mashoka, ikahamia pia kwenye mapanga, na ilipofungwa mwaka 1966 ilikuwa imeacha orodha ya mamia ya maumbo. Wateja walitaka hivyo: bonde hili likidai ncha pana, bonde la pili likakataa. Zipo sehemu za Amerika ya Kilatini ambako jina Collins, kwa matamshi ya kienyeji, likawa na maana ya panga lenyewe. Kiwanda kikubwa kilikubali kumsikiliza mtu anayejua nyasi zake.

Lakini kitu ambacho ningependa tukichukue kutoka kwao hata kesho si chuma. Ni kijiti cha mkono wa kushoto. Mkulima wa huko hufyeka akiwa na fimbo iliyopinda mwisho kama ndoano, wanaiita garabato. Kwa fimbo hiyo huvuta nyasi, huzikusanya, huzishikilia zisilale, kisha panga hupita chini yake. Vidole vyake havikaribii makali, na nyoka akiwemo, ndoano humkuta kwanza. Sisi chombo hicho tunacho! Ni upembo, ngoe kwa wengine, ule wa kuvutia maembe na mapera. Tunauegemeza ukutani na kwenda kufyeka kwa mkono wa kushoto mtupu, tukishika fundo la nyasi huku panga likija upande uleule. Kovu nililonalo kwenye kidole cha shahada nililipata hivyo, nikiwa na miaka kumi na minne, na mti wa upembo ulikuwa hatua chache tu kutoka nilipokuwa nimesimama.

Ukivuka kwenda Malaysia na Indonesia, nyasi zinaisha na mti mgumu unaanza. Parangi ni fupi kuliko machete, nene mgongoni, na uzito wake umesukumwa mbele, kwenye tumbo la bapa. Mashavu ya makali yametuna badala ya kuwa bapa kabisa, na hapo ndipo palipo na ufundi: makali membamba yakiingia kwenye gogo hunaswa, utahangaika kuyachomoa, lakini makali yaliyotuna hupasua njia yake na kutoka. Mpini umeinama kidogo kuelekea chini ili kifundo cha mkono kisijipinde. Parangi nyingi zina makali ya namna tatu kwenye bapa moja: karibu na mpini membamba kwa kuchongea, katikati manene kwa kukatia, na karibu na ncha makali sana kwa kuchunia. Chombo kimoja, ila aliyekinoa ameamua wapi kila kazi itafanyika.

Kwa chuma cha namna hiyo hupigi kwa nguvu ya bega. Mjomba wangu, ambaye hakuwahi kusikia habari za Borneo, alikuwa akiniambia jambo hilohilo tulipofyeka mpaka wa shamba: "Mpwa wangu, acha lianguke lenyewe, usilisukume." Alinifundisha pia namna ya kukata mche mwembamba unaoyumba. Usiupige ukiwa umesimama. Uinamishe kwa mkono au kwa mguu mpaka nyuzi za upande wa nje zivutike, kisha gusa hapo penye mvutano, karibu na ardhi. Mti uliovutika hukatika kama kamba iliyokazwa. Ila simama upande, maana hurudi kwa kishindo.

Nepal nitaipita haraka, ingawa khukuri, panga la huko, ina sifa zake. Ninachokipenda ni kwamba Mnepali hafyeki nyasi kwa khukuri, ana mundu wa kazi hiyo, na kwamba ndani ya ala ya khukuri mna vijisu viwili vidogo, kimoja butu makusudi kwa ajili ya kuyanyoosha makali yaliyolala. Wahunzi wake hufua khukuri kutoka springi za magari makuukuu. Wahunzi wetu nao hufanya vivyo hivyo kwa springi za lori, na panga la namna hiyo, likifuliwa na mtu anayejua moto wake, hulishinda la dukani.

Na la dukani ni lipi? Bapa linapanuka kuelekea mbele, na ncha imekatwa mshazari ikaelekea juu. Kwa miaka mingi mengi yalitoka Birmingham, kwa Ralph Martindale mwenye chapa ya mamba. Baada ya Azimio la Arusha kiwanda cha UFI cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikatengeneza majembe na mapanga ya Tanzania. Leo mengi huja kwa meli. Ni umbo la kati: zito kidogo kuliko machete, jepesi kuliko parangi. Si baya. Kosa letu ni kulitumia kwa nyasi, mianzi, minyaa, kuni na nazi bila kubadili hata namna tunavyolinoa.

Kwa hiyo ukiwa dukani, tazama msuka kwanza. Ukipita ndani ya mpini mzima na kushikwa na ribiti tatu, umepata panga. Ukiishia nusu, mpini utakutoka mkononi siku ya mvua. Linyooshe mbele ya jicho uone kama bapa limepinda. Usitafute chuma kigumu kuliko vyote. Chuma cha panga hufanywa makusudi kiwe laini kuliko cha kisu, ili likigonga jiwe libonyee badala ya kumeguka, na ili tupa iweze kuling'ata. Kama tupa inateleza juu ya makali bila kuyala, au inayala kama sabuni, lirudishe. Kwa nyasi, noa makali yawe membamba, pande zote mbili, hasa thuluthi ya mbele. Kwa miti, yaache yatune. Karibu na mpini acha butu, kwani hapo ndipo kidole huteleza. Na likitoka shambani lipewe ala, hata kama ni kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa kwa urefu. Panga tupu kwenye keria ya baiskeli ni jambo ambalo sijawahi kulizoea. Minyaa ikatwe ukiwa umegeuza uso: utomvu wake ukiruka machoni, utaona giza.

Uingereza ndiko nilikokuta wazo lililonibadilisha. Huko, wakati wa baridi miti ikiwa haina majani, watu hutengeneza nyua hai za miiba kwa mundu mnene wenye pua iliyopinda. Kila mkoa ulikuwa na umbo lake la mundu huo. Wa Yorkshire una mpini mrefu na makali pande mbili. Pua ile huzuia makali yasigonge mawe, na huvuta matawi mkataji asiingize mkono kwenye miiba, kazi ileile ya garabato ikiwa imefuliwa kwenye chuma chenyewe. Fundi hukata shina karibu na ardhi, lakini halimalizi. Huacha ulimi mwembamba wa gome na mti, kisha hulilaza shina mshazari juu ya jirani yake, akasimika vigingi na kufunga juu. Utomvu hupita kwenye ulimi ule. Shina lililolala linaishi, na kisiki kinatoa machipukizi yanayoziba ua kutoka chini. Makali mabutu yangechana gome na kuua kila kitu, ndiyo maana fundi yule hunoa kila mara.

Boma letu la miiba iliyokatwa linakauka, linaliwa na mchwa, na mwakani tunarudi porini kukata tena. Sisemi hivyo kuwadharau wafugaji, ambao wanahama na wana sababu zao. Nasema kwa sababu neno kufyeka, jinsi tunavyolitumia, limebeba nia ya kumaliza. Tunafyeka, tunakusanya mabiwi, tunachoma. Kisiki kinachipua, nasi tunakiita ukaidi.

Kongwa, mkoani Dodoma, iliwahi kuonyesha nia hiyo ikikuzwa kupita kiasi. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilileta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa mashine, ili kung'oa vichaka na kupanda karanga. Chuma kilivunjika kwenye mizizi, udongo ukakauka ukawa kama saruji, na mpango ukaachwa baada ya kula mamilioni ya pauni. Vichaka vile vilikuwa msitu wa chini ya ardhi, mizizi mikubwa kuliko mashina.

Katika mkoa huohuo sasa kuna wakulima wanaofanya kinyume chake, na wanaiita Kisiki Hai. Shirika la LEAD Foundation ndilo linaloieneza, kwa kufuata njia ambayo Tony Rinaudo aliianza huko Maradi, Niger, mnamo miaka ya 1980. Chombo ni panga lilelile la dukani. Mkulima hupiga magoti mbele ya kisiki chenye machipukizi mengi, huchagua machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine huyaondoa. Hukata kutoka chini kwenda juu, kwa sababu pigo la kwenda chini huchana gome la chipukizi linalobaki. Ya chini huyakata sawasawa na ardhi, bila kuacha kigutu chenye ncha: mkato wa mshazari humwaga maji ya mvua yasiozeshe kisiki, lakini kigutu kirefu cha mshazari ni mkuki kwa nyayo za mtoto na kwato za ng'ombe. Kisha hufunga kitambaa ili mchungaji ajue mti huo una mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na visiki sita ambavyo nilivikata kila mwaka na kila mwaka vikarudi. Msimu huu nimempelekea mhunzi panga langu la zamani, akalifupisha kwa kiganja kimoja ili liingie katikati ya machipukizi, na nikalinoa mpaka likakata jani la mgomba lililoning'inia. Kisiki cha kwanza kilikuwa na machipukizi kumi na saba. Nimebakiza manne, nimefunga vipande vya kanga kuukuu, na yaliyokatwa wamepewa mbuzi.